Jino la Mpiga Tarumbeta

Majirani wa Yunisi hawakuhitaji kutazama saa asubuhi. Akishamaliza kukamua ng'ombe na kubandika chai, Yunisi alitoka nyuma ya jiko na tarumbeta lake, akageukia bondeni, akapiga noti moja ndefu. Hapo kitongoji kizima kilijua kwamba ni saa moja. Waliochelewa kwenda shambani waliongeza mwendo. Watoto wa shule waliacha uji wakakimbia.

Yunisi alilima viazi na njegere katika kijiji kimoja cha Kilolo, mkoani Iringa. Mumewe, Aroni, alikuwa fundi seremala. Walikuwa na binti mmoja, Marta, aliyesoma darasa la tano.

Tarumbeta lilikuwa la baba yake Yunisi. Mzee huyo ndiye aliyeanzisha bendi ya matarumbeta ya usharika wao, akiwa na watu wanne na vyombo vitatu. Alipozeeka, alimwita Yunisi mbele ya bendi nzima akamkabidhi tarumbeta. Alimwomba jambo moja tu. Yeye akishafariki, noti ya kwanza ya Pasaka aipige Yunisi.

Katika usharika ule, alfajiri ya Pasaka watu hukusanyika makaburini. Husimama kimya katika baridi, wamejifunika mashuka na makoti. Kisha mpigaji mmoja, peke yake, hupiga noti ndefu. Bendi humfuata, na watu huanza kuimba. Tangu baba yake alipofariki, kwa miaka saba, mpigaji huyo alikuwa Yunisi. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye kaburi la baba yake.

Miaka mitatu kabla ya habari hii, bendi ilialikwa kusindikiza maharusi. Walipanda nyuma ya pikapu, wakawa wanapiga huku gari likienda, kama walivyozoea. Njiani gurudumu liliingia shimoni. Kipulizio, kile kikombe kidogo cha kuwekea mdomo, kilimgonga Yunisi kwenye jino la mbele la juu. Mdomo ulichanika kidogo. Yunisi alitema damu, akajifuta, akaendelea kupiga mpaka ukumbini.

Jino liliuma kwa wiki mbili. Baadaye likaacha, na Yunisi akamshukuru Mungu. Kadiri miezi ilivyopita, jino likaanza kubadilika rangi, likawa la kijivu. Jailos, kiongozi wa bendi, alisema jino hilo limezeeka kumpita mwenye nalo. Tangu hapo, kila Yunisi alipofika mazoezini, Jailos aliinama kidogo mbele ya mdomo wake akasema, "Shikamoo jino." Yunisi alicheka na wengine. Jino halikuwa limetoboka wala halikuuma. Aliona hana sababu ya kwenda kwa daktari.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, kijipu kidogo kilitokea kwenye fizi juu ya jino lile. Kilikuwa kama punje ya ulezi. Jino likawa zito, na kutafuna kukawa kwa shida. Asubuhi moja Yunisi alipiga tarumbeta hivyo hivyo na maumivu yake. Katikati ya noti, alionja chumvi mdomoni. Alitema usaha kidogo. Muda si mrefu maumivu yakapungua.

Yunisi alifurahi sana. Alimweleza Aroni kwamba ameipata dawa. Tarumbeta likiukandamiza mdomo, kijipu kinapasuka, uchafu unatoka, jino linatulia. Kuanzia siku hiyo, jino lilipoanza kuwa zito, alikwenda kupiga. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Mwezi wa pili ulipofika, ilikuwa kila siku, na siku nyingine mara mbili.

Aroni alimtazama akiwa na randa mkononi.

"Mama Marta," alisema, "kama unakamua kila siku na kila siku kuna kitu kinatoka, hicho si kijipu. Huyo ni ng'ombe."

Yunisi alicheka, lakini maneno yale yalimkaa.

Jirani yao mmoja aliitwa Goodness. Alikuwa tabibu wa meno katika kituo cha afya, mwanamke mpole asiyependa kufundisha watu bila kuulizwa. Jumamosi moja alifika kununua njegere. Yunisi alipotabasamu kumkaribisha, Goodness alilitazama lile jino, kisha akauliza taratibu kama anaweza kuangalia. Yunisi aliketi kwenye kigoda penye mwanga. Goodness alinawa mikono. Aliomba pamba, akailowesha maji ya baridi kutoka kisimani, akaigusisha kwenye jino zima la pembeni. Yunisi alishtuka kwa ubaridi. Aligusisha kwenye jino la kijivu. Yunisi hakusikia kitu.

Goodness alimweleza kwamba jino si kama jiwe. Ndani yake kuna nafasi nyembamba, na katika nafasi hiyo kuna nyama laini, damu na mishipa ya fahamu. Siku ile ya pikapu jino liligongwa, na nyama ile ya ndani ikafa polepole.

"Lakini liliacha kuuma, dada," Yunisi alisema.

"Liliacha kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kuuma," Goodness alijibu. "Kuacha kuuma siyo kupona. Sasa vijidudu vimepata nyumba ndani ya mzizi. Usaha unaoutema unatoka huko. Unamwaga maji yaliyofurika, lakini chemchemi hujaigusa."

Akaendelea kusema kwamba kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kung'oa jino. Ya pili ni kutibu mzizi, yaani kusafisha ile nafasi ya ndani, kuijaza na kuiziba, jino likabaki mahali pake. Kung'oa angeweza kumng'olea kituoni. Vifaa vya kutibu mzizi hakuwa navyo, kwa hiyo alimwandikia barua ya kwenda hospitali ya mjini. Kabla ya kuondoka na njegere zake alimwambia jambo moja, na alilirudia mara mbili. Akiona uso umevimba, au jicho linaanza kufunga, au ana homa, au anashindwa kumeza, kupumua au kufungua mdomo, asisubiri. Aende hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Yunisi aliiweka barua ndani ya Biblia. Aliogopa kung'oa. Tarumbeta hukaa juu ya meno ya mbele. Bila jino lile, angekuwa na pengo pale pale kipulizio kinapoegemea. Pasaka ilikuwa imebaki wiki saba.

Jioni alimpigia simu dada yake, Helena, aliyeishi Mbeya, mtaa wa Soweto. Helena aliuza mchele wa Usangu sokoni. Alikuwa mkubwa kwa Yunisi kwa miaka kumi na miwili, na baada ya mama yao kufariki yeye ndiye aliyemlea. Yunisi alipotaja kutibu mzizi, Helena alishusha sauti.

"Usikubali, mdogo wangu. Watakuachia maiti mdomoni."

Yunisi alijua kwa nini dada yake anasema vile. Shemeji yake, Charles, mume wa Helena, alitibiwa mzizi wa gego. Baada ya miaka miwili alianguka ghafla sokoni, moyo ukasimama. Katika siku zile za msiba, Helena alitumiwa video kwenye simu. Mtu mmoja mwenye koti jeupe alisema kwamba jino lililotibiwa mzizi ni jino lililokufa, linamwaga sumu mwilini, na sumu hiyo huua moyo. Helena aliitazama mara nyingi sana. Alikuwa anatafuta sababu, na ile ilikuwa sababu ya kwanza aliyopewa.

Helena alimsihi aende Mbeya. Kule angemtibu mwili mzima, siyo jino peke yake, kwa vitu vya asili, na jino lingepona lenyewe. Aroni hakuridhika, lakini alimheshimu shemeji yake. Alimfungia mkewe debe la viazi la kumpelekea dada, na wiki iliyofuata akamsindikiza mpaka kwenye basi.

Helena alimpokea Yunisi kama mtoto mchanga. Asubuhi alimpa mafuta ya nazi asukutue robo saa. Soda, chai ya sukari na maandazi vilipigwa marufuku. Alimpikia mboga za majani, maharage na samaki. Alimkataza tarumbeta ili mdomo upumzike. Alimwekea unga wa karafuu kwenye jino, na jioni alisaga kitunguu saumu akakiweka kati ya mdomo na fizi. Kitunguu kiliwaka kama pilipili. Helena alisema ndiyo dalili ya kufanya kazi.

Siku nne za kwanza Yunisi alijisikia vizuri. Alilala sana. Alimsaidia dada yake kupepeta mchele. Walikumbushana habari za baba yao, jinsi alivyokuwa akipuliza chai kama anapiga tarumbeta. Yunisi alimshukuru dada yake kila siku, na alimaanisha.

Siku ya tano fizi ilikuwa nyeupe pale kitunguu kilipokaa, imeungua. Siku ya sita, mchana, mdomo wa juu ulianza kuvimba. Kijipu kilikuwa kimeziba. Usaha haukuwa na pa kutokea. Ilipofika saa tisa uvimbe ulikuwa umepanda shavuni mpaka chini ya jicho, na Yunisi alikuwa anatetemeka kwa homa.

Helena alisaga kitunguu kingine. Yunisi alimshika kifundo cha mkono.

"Dada, niliambiwa hivi," alisema kwa shida. "Uso ukivimba, nisisubiri."

Wakampigia Goodness. Hakumlaumu mtu. Aliuliza kama Yunisi anaweza kumeza na kupumua. Aliposikia kwamba anaweza, alisema wasihangaike na basi la Iringa, waende hospitali ya hapo mjini Mbeya sasa hivi. Helena alifunga mlango bila kubadilisha kanga, akasimamisha bajaji.

Hospitalini walipokelewa na daktari wa kinywa na meno aliyeitwa Crispin. Alikuwa kijana bado, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Jambo la kwanza lililomshangaza Helena ni kwamba hakuanza na jino. Alimuuliza Yunisi kama ana kisukari, kama ana presha, kama ni mjamzito, dawa gani anazotumia, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Alimpima presha, homa na sukari. Helena aliuliza vitu vyote hivyo ni vya nini kwa mtu anayeumwa jino.

"Jino limeshikwa na mwili, mama," Daktari Crispin alijibu. "Mwenye kisukari huchelewa kupona fizi. Mjamzito kuna dawa hatumpi. Siwezi kugusa jino kabla sijamjua mwenye jino."

Helena aliketi. Hakutegemea kusikia maneno hayo pale.

Daktari alimchoma Yunisi sindano ya ganzi. Alifungua tundu dogo nyuma ya jino, upande wa ulimi, akapasua uvimbe kidogo, usaha ukatoka. Ilikuwa kama mtu amemtua mzigo. Akampa dawa za kuua vijidudu, kwa sababu uvimbe ulikuwa umesambaa na homa ilikuwapo. Alimtahadharisha kwamba dawa hizo zitatuliza uvimbe, lakini haziwezi kuingia ndani ya mzizi uliokufa, kwa kuwa hakuna damu ya kuzipeleka huko. Azimalize zote, na baada ya siku mbili arudi waamue juu ya jino lenyewe. Uvimbe ukiongezeka, asingoje siku hizo mbili.

Siku mbili zikapita. Homa ilikuwa imekwisha na jicho limefunguka. Dada wote wawili walirudi. Daktari alipiga picha ya jino, akaiweka kwenye mwanga. Yunisi aliona mzizi wake mmoja, mrefu, na ndani yake mstari mwembamba kama uzi. Kwenye ncha ya mzizi palikuwa na kivuli cheusi. Pale mfupa ulikuwa umeliwa na ugonjwa.

Daktari alisema kuliacha jino vile lilivyo si salama, kwa sababu uvimbe utarudi. Kung'oa ni njia halali na si ya kudharau. Wapo wagonjwa anaowashauri kung'oa, hasa kama jino limepasuka mpaka kwenye mzizi au limebaki kipande kidogo. Baadaye wanaweza kuweka jino la bandia. Kutibu mzizi ni njia ya pili, na jino la Yunisi linafaa kwa sababu ni zima na lina mzizi mmoja ulionyooka. Kama angefika siku ile aliyogongwa, huenda wangelichunguza mapema na kulifuatilia, na pengine ugonjwa usingefika hapo. Jino ambalo nyama yake ya ndani bado ni hai, mara nyingi linaweza kuokolewa kwa kuzibwa tu.

Yunisi alimtazama dada yake. Helena alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili.

"Daktari, nina swali," Helena alisema. "Mume wangu alitibiwa mzizi. Baada ya miaka miwili moyo wake ulisimama. Wanasema jino kama hilo ni maiti, linatoa sumu. Niambie ukweli. Nilimpeleka mwenyewe kwa miguu yangu."

Daktari aliiweka picha mezani. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Pole sana, mama. Mimi sikumtibu mzee. Sitasema nisichokijua. Naomba nikuulize, kabla ya jino hilo, afya yake ilikuwaje?"

Helena alisema kwamba Charles alikuwa na presha kwa miaka kumi. Alipewa vidonge. Lakini kila alipojisikia vizuri aliviacha, akisema amepona.

Yunisi aliinamisha kichwa. Alikumbuka wiki zile mbili za maumivu, na jinsi alivyomshukuru Mungu jino lilipoacha kuuma.

Daktari alieleza kwa utulivu. Habari ya jino lililotibiwa kutia sumu mwilini si mpya, ina umri wa miaka mia moja hivi. Madaktari wa zamani waliiamini. Waling'oa meno ya watu wengi wakitumaini kuponya magonjwa mengine, na magonjwa yale hayakuondoka. Baadaye jambo hilo lilichunguzwa vizuri zaidi. Haikuonekana kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta ugonjwa wa moyo wala saratani.

"Presha isiyotibiwa huumiza moyo," alisema. "Hilo tunalijua. Kwa hiyo mimi sioni kwamba wewe ndiye uliyempeleka mzee kwenye kifo, mama. Ulimpeleka akatibiwe maumivu."

Helena alifunika uso kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyemharakisha. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia majani. Alipofunua uso, aliuliza kwa sauti iliyokwaruza kama kweli jino la mdogo wake limekufa.

"Ndani limekufa, sikufichi," daktari alisema. "Lakini nje linashikwa na fizi hai na mfupa hai. Cha kuogopa ni uchafu ulioachwa ndani. Huo ndio tunaouondoa."

Ndipo Yunisi akacheka, akiwa na mdomo wake uliovimba nusu. Wote wawili walimgeukia.

"Dada, unakumbuka tarumbeta la Jailos?" aliuliza.

Helena alimkazia macho, kisha akaanza kutabasamu. Zamani, Jailos akiwa kijana, hakuwa akisafisha chombo chake. Mate yalilala ndani, bomba likaota ukungu, tarumbeta likanuka mpaka wenzake wakahama pembeni yake. Jailos alinunua marashi akamimina kwenye mdomo wa tarumbeta. Jumapili hiyo kanisa zima lilinusa marashi na ukungu kwa pamoja. Baba yao alicheka mpaka akakaa chini. Halafu alilichukua tarumbeta, akalifungua vipande, akapitisha maji ya uvuguvugu, akavuta kitambaa kwa uzi kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Kitambaa kilitoka cheusi. Alirudia mpaka kikatoka cheupe.

"Karafuu zetu ni marashi ya Jailos," Yunisi alisema. "Zinanukia mlangoni. Bomba liko ndani. Daktari, lisafishwe."

Helena alivuta pumzi ndefu. Alimwomba daktari amruhusu akae pale pale aone. Daktari alimpa kiti.

Kazi haikuwa ya kutisha kama Yunisi alivyofikiria. Alichomwa ganzi. Jino lilizungushiwa kipande cha mpira ili mate yasiingie. Daktari alitumia sindano nyembamba kama unywele, zenye makali madogo, akasugua ndani ya mzizi taratibu, akaosha kwa dawa, akasugua tena. Aliweka dawa ndani, akaziba kwa muda. Baada ya wiki moja Yunisi alirudi. Fizi ilikuwa imetulia na usaha umekauka. Daktari aliosha tena, akaujaza mzizi mpaka kwenye ncha, akaliziba tundu kwa nyuma. Alipiga picha nyingine kuhakikisha.

Yunisi aliuliza swali lililokuwa moyoni tangu mwanzo. Pasaka ilikuwa imebaki wiki nne. Je, angeweza kupiga?

Daktari alimwambia apumzike wiki mbili. Kisha aanze kwa dakika tano, bila kukandamiza mdomo kwa nguvu, na maumivu yakija aache. Baada ya miezi sita arudi wapige picha waone kama mfupa umejaa. Kuhusu mafuta ya nazi, alisema hayadhuru, lakini hayachukui nafasi ya mswaki na dawa ya meno yenye madini ya floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Karafuu inaweza kutuliza maumivu kidogo mtu akiwa njiani kwenda hospitali. Kitunguu saumu kiende kwenye mboga, kisiwekwe kwenye fizi. Halafu akamgeukia Helena. Alisema kupunguza sukari na kula mboga ni ushauri mzuri sana, na kama wagonjwa wote wangekuwa na dada wa namna hiyo, kazi yake ingepungua.

Helena alitoka hospitalini ameinua kichwa. Siku hiyo hiyo alirudi peke yake kwenye dirisha la mapokezi, akaomba kupimwa presha. Ilikuwa juu kidogo. Alianza kuhudhuria kliniki, na mpaka leo hajaruka siku.

Yunisi alirudi Kilolo. Wiki mbili za kupumzika zilikuwa ndefu. Majirani walichelewa shamba, na mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde alituma mtu kuuliza kama saa ya kitongoji imeharibika. Siku ya kwanza ya mazoezi, bendi ilikuwa ikimsubiri. Jailos aliinama kama kawaida.

"Shikamoo jino."

"Limeitika marahaba," Yunisi alisema. "Nalo linauliza, marashi yako bado unayo?"

Bendi ilicheka mpaka mtoto anayewapigia ngoma akaangusha fimbo. Yunisi alisubiri watulie, akaomba dakika chache. Aliwaeleza yote, tangu shimo la barabarani mpaka picha yenye kivuli. Alisema jino likigongwa, hata kama halijavunjika, liangaliwe siku hiyo hiyo. Alisema jino la mtu mzima, au la mtoto aliyekwisha kubadili meno, likitoka lote, lishikwe sehemu ile nyeupe, siyo mzizi. Liwekwe kwenye maziwa, na mtu akimbizwe kwa daktari wa meno. Kisha aliomba jambo moja. Wasipige tena nyuma ya gari linalotembea. Wapo waliosema harusi zitapooza. Jailos alifikiri kidogo, akapitisha ulimi kwenye meno yake, akakubali. Tangu siku hiyo bendi hupiga gari linapoondoka, kabla gurudumu halijazunguka, na hupiga tena likishasimama. Maharusi wanasema ni bora hivyo, maana sasa nyimbo zinasikika.

Pasaka ilifika. Helena alikuja kutoka Mbeya na mchele wa sikukuu. Alfajiri walipanda wote kwenda makaburini, Yunisi mbele na tarumbeta, nyuma yake Aroni, Helena, na Marta aliyebeba taa. Goodness alikuwa amesimama karibu na lango, amejifunga shuka. Yunisi alimkumbatia. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni.

Watu walinyamaza. Yunisi alisimama hatua tatu kutoka kwenye kaburi la baba yake. Aliweka mdomo kwenye kipulizio kwa wepesi, kama alivyoelekezwa. Kwa sekunde moja aliogopa. Kisha akapiga.

Noti ilitoka nyembamba kidogo, ikajaa, ikaenda. Yunisi aliishikilia akisubiri ile ladha ya chumvi aliyoizoea. Haikuja. Mdomoni palikuwa na ubaridi wa shaba tu, kama zamani, alipokuwa msichana na baba yake akimfundisha kushika pumzi. Bendi iliingia nyuma yake. Watu wakaanza kuimba, na katikati ya sauti zote aliisikia sauti ya dada yake.

Baada ya ibada ya mchana Yunisi alipeleka mbele sadaka yake ya shukrani, gunia la viazi. Mchungaji alimuuliza anashukuru kwa ajili ya nani. Yunisi alisema orodha ni ndefu kidogo. Alimshukuru Goodness, aliyeona bila kuulizwa na akasema bila kulaumu. Alimshukuru Daktari Crispin wa Mbeya. Alimshukuru Aroni, aliyejua tofauti ya kijipu na ng'ombe. Mwisho alimtaja dada yake, aliyemlisha mboga wiki mbili, akamshika mkono kwenye kiti cha daktari, na akauliza swali ambalo yeye mwenyewe aliogopa kuliuliza.

Kisha alitabasamu kwa kanisa zima. Jino lilikuwa bado la kijivu.